Kabla ya kumwambia mtu mzima abadilike

Tangu IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, ifungue tawi lake Bweleo, Unguja, mwaka 2023, mazungumzo ya elimu hapa visiwani yamechukua sura nyengine. Tawi lile ni la kwanza la vyuo vya IIT kuwekwa nje ya India, na lilianza na sayansi ya data na akili mnemba. Haukupita muda akili mnemba yenyewe ikashuka kwenye simu za watu, mtoto wa skuli akawa anaiandikisha insha na mwenye duka anaiuliza bei za Dubai. Tokea hapo, kila semina, kila kipindi cha asubuhi redioni na, Mungu atusamehe, hata nasaha za harusini, utasikia lile lile: tubadilike, dunia haimngoji mtu. Nyuma ya wito huo hufuata lawama, aghalabu kwa sauti ya upole: vijana wetu hawana neno, tatizo ni watu wazima. Wameshazoea, wameridhika, hawataki kusoma.

Naiona lawama hii imepelekwa mlango usiokuwa wake. Watu wazima wa Unguja na Pemba wamejifunza kazi mpya, lugha mpya na hata bahari mpya ndani ya umri wa mtu mmoja, na wengi wao hawakufundishwa na mtu aliyelipwa kuwafundisha. Pale wanapokwama, mara nyingi kinachowakwamisha ni bei. Ipo bei ya siku isiyoleta kitu jikoni kwa sababu mama alikuwa darasani, na ipo bei ya mtu mwenye wajukuu kuonekana hajui mbele za watu. Anayehubiri mabadiliko halipi hata moja katika hizo. Zote mbili humwangukia anayehubiriwa. Kabla hatujaipima hamu ya mtu mzima ya kujifunza, tuangalie kwanza tumemwekea mahali gani pa kukosea.

Tuanze na mwani, maana sijui darasa la watu wazima lililokuwa kubwa kuliko hilo katika visiwa hivi. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Kabla ya hapo hakuna mama aliyejua kufunga mbegu kwa taitai, vile vijiuzi vya kufungia, kuitandaza kamba baina ya vigingi viwili, kisha kungoja wiki zake hadi kuvuna. Ndani ya miaka michache kazi ile ikawa ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake, ikavuka hadi Pemba. Hakukuwa na skuli ya mwani. Mama alimtazama shoga yake, akajaribu kamba mbili tatu, mawimbi yakazing'oa, akauliza, akarudia. Walipokwishaizoea, bahari yenyewe ikageuka. Kotonii, ule mwani mnene unaolipa vizuri kuliko ile aina ya pili, spinosamu, ukaanza kupauka, kulainika na kukatika kadiri maji ya pwani yalivyozidi joto. Wengi wakabaki na spinosamu, ya shilingi mia chache kwa kilo. Wengine wakaanza kuusaga mwani na kuutia kwenye sabuni, maana yake wakajifunza mizani, mafuta, kostiki, na namna ya kumweleza mgeni kwa nini anunue sabuni ya majani ya baharini. Jambiani wako waliohama kabisa wakaingia kwenye kilimo cha sponji. Mtu aliyefanya kazi tatu katika bahari moja, kila moja kwa kuanza mwanzo, utamwambiaje kuwa anaogopa mapya?

Ufukweni hali ni hiyo hiyo. Kiwengwa na Nungwi zilipojaa Waitaliano, vijana wa pwani walikishika Kiitaliano kwa masikio matupu. Wakati wa korona, Zanzibar ilipoacha milango wazi na ndege za kukodi zikaleta Wapolandi na Warusi kwa wingi, wale wale waliojifunza Kiitaliano wakiwa vijana, sasa wana wake na watoto, wakaanza upya. Nilimsikia mmoja Nungwi akiwapangia wageni safari ya kisiwa cha Mnemba kwa Kipolandi. Aliitaja saa ya kuondoka, akaitaja mask ya kuzamia, akataja chakula, na alipofika kwenye bei akageuka kwa mwenzake na kumnong'oneza kwa Kiswahili, "Thalathini wanaiitaje hawa?" Akajibiwa, akamgeukia mgeni na kuitamka kama aliyezaliwa nayo. Huyo hana cheti cha lugha yoyote. Akienda kuomba kazi ya mapokezi hotelini, ataulizwa cheti cha kidato cha nne kabla ya kuulizwa anasema lugha ngapi.

Lakini mwani huo huo unaonyesha pia mahali ambapo kujifunza hugota. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari walionyesha kuwa kotonii inaweza kustawi tena ikipelekwa kwenye kina, ambako maji hayashiki joto jingi, na ikapandwa ndani ya neti za mirija ili mawimbi yasiikate. Elimu ilikuwepo. Hamu ilikuwepo, kwa sababu kila mkulima anajua kotonii inalipa. Hata hivyo wengi hawakwenda. Mama aliyelima miaka 20 kwenye maji ya magoti, akingoja bamvua, siku za maji makubwa, ili maji yapwe vizuri, sasa anatakiwa apande boti, ashuke kwenye maji ya kifua au yanayopita kichwa, na hajui kuogelea. Boti si yake. Neti hana. Mavuno ya kwanza yakiharibika, na ya kwanza huharibika, hana akiba ya kumfikisha kwenye ya pili. Ukimwona anarudi kwenye vigingi vyake vya zamani, amefanya hesabu, na hesabu yake haina kosa.

Hili la kuogelea lina uchungu wake kwetu. Meli ya MV Spice Islander I ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, tuliona ni watu wangapi waliozaliwa kisiwani ambao bahari wanaijua kwa macho tu. Nungwi, mradi wa Panje ulianza kuwafundisha wasichana na kina mama kuogelea, kwa walimu wa kike na kwa mavazi ya stara, na baadhi ya waliofundishwa wakageuka walimu. Kwa wakulima wa sponji wa Jambiani nako, kuogelea ni sehemu ya kazi, kwa hivyo hufundishwa. Wanaosema kila jipya linakuja kuvunja mila walitazame hilo. Mila haikuvunjika, alitafutwa mwalimu wa kike na likashonwa vazi linalofaa, basi.

Sasa tuje kwenye hoja ninayoisikia zaidi, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote: samaki mkunje angali mbichi. Kwamba akili ya mtu mzima imeshakauka, fedha za mafunzo ziende kwa watoto. Nimewasikia hata walimu wakiisema. Jawabu lake liko Kinyasini, ambako chuo cha Barefoot kilifunguliwa mwaka 2015 kuwafundisha wanawake wa vijijini ufundi wa umeme wa jua. Kabla ya hapo wanawake wa hapa walipelekwa Tilonia, Rajasthan, India, kwa mafunzo ya miezi 6. Wanaochaguliwa ni kina mama na mabibi, wengi waliosoma kidogo au ambao hawakusoma kabisa. Hufundishwa kwa rangi, kwa alama na kwa mikono, hadi mtu anarudi kijijini kwake akiwa anajua kufunga paneli, kuunga waya na kutengeneza taa iliyoharibika. Kwamba wanaweza, hilo halikustahili hata kuwa habari. La kujifunza ni namna jambo lilivyopangwa. Mwanafunzi hulala chuoni na hulishwa, kijiji ndicho kilichomtuma, na mpango wa Barefoot ni kuwa kaya zinazopata umeme huchangia kidogo kila mwezi ili fundi wao alipwe. Yaani yule mama anapoanza kujifunza, kazi inamngoja, na watu waliomtuma wanamdai afaulu badala ya kumngojea aanguke.

Na Bweleo yenyewe, tusisahau, ipo katika rasi ile ile ya Fumba alikozaliwa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, mwaka 1880 au karibu na hapo. Alikuwa akiuza vyungu. Alipohamia mjini mwaka 1911 alikwishapindukia miaka 30, hakujua kusoma wala kuandika. Akajifunza muziki na matamshi ya Kiarabu kwa kusikiliza, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurikodi santuri, akiwa anakaribia 50. Methali ya samaki ingemwacha Fumba na vyungu vyake.

Mfano ulio bora kuliko wote, hata hivyo, hauna mfadhili wala ubao wa mradi barabarani. Ni darsa za kina mama za baada ya alasiri. Mtaani kwetu Wete ipo moja, kwenye ukumbi wa nyumba ya mtu, mkeka umetandikwa kutoka mlangoni hadi ukutani. Bibi mmoja huketi karibu na dirisha kwa ajili ya mwanga. Miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, mashafu yake ni ya maandishi makubwa, na kidole kinatangulia mbele ya ulimi. Akifika kwenye herufi ya dhadi, ulimi unakwama. Mwalimu, ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake, anaitamka. Bibi anakwama tena. Mwalimu anaitamka tena, na ukumbi mzima unangoja. Hakuna anayecheka. Jioni, nyumbani, mjukuu wa darasa la tatu humsahihisha bibi yule yule bila ya yeyote kuona kuwa dunia imepinduka.

Kwa nini pale inawezekana? Wakati umechaguliwa na wanaosoma wenyewe: wameshapika, wameshasali, jua limeshapungua. Ada ni ndogo au haipo. Wanaosoma wanajuana, kwa hivyo asiyekuja huulizwa kwao. Lakini kubwa zaidi ni kuwa kukwama kwenyewe kuna malipo. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, aliye hodari wa kuisoma Qur'ani yupo pamoja na malaika watukufu, na anayeisoma kwa kukwama kwama, nayo ikawa nzito kwake, ana ujira mara mbili. Hebu mtu azingatie hilo kama mpango wa ufundishaji. Anayeona tabu hakuhurumiwa wala kuvumiliwa tu. Amewekewa fungu lake. Atakayesema kwamba hayo ni ya akhera, na kompyuta ni mambo ya dunia, anasema kweli, ila hajajibu swali. Bibi ni yule yule, macho ni yale yale, na umri ni ule ule unaoambiwa haufundishiki. Kilichobadilika baina ya darsa na semina ya kompyuta ni namna anavyopokewa anapokosea.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu inatoka barazani. Nitaambiwa: hawa wanaume wanaokaa tangu alasiri hadi maghribi kwa bao na kahawa, wao bei gani inayowazuia? Wakati wanao, na wengine wana vijisenti vyao. Hoja hii siwezi kuipuuza. Hata madarasa ya kisomo yana kina mama wengi kuliko kina baba, na hilo halielezwi na umasikini. Naamini linaelezwa na ile bei ya pili. Mwanamume wa miaka 55 barazani ndiye anayeulizwa kuhusu kiwanja, kuhusu posa, kuhusu siasa. Cheo chake ni kujua. Akikiri hajui kutuma pesa kwa simu, amekitoa cheo hicho hadharani, kwa hivyo hakiri. Anakwenda kwa wakala, anamkabidhi kijana simu, na namba ya siri anaitaja kwa sauti mbele ya foleni. Siku akiibiwa atanyamaza pia, kwa sababu ile ile. Wanawake wana darsa na wana vikundi vya kuweka na kukopa, mahali ambapo kutojua ni jambo la kawaida la kila wiki. Wanaume tuna baraza, na baraza ni mahali pazuri pa kila kitu isipokuwa kuuliza swali la mwanzo kabisa. Wapo pia, nakubali, wasio na bei yoyote na ambao hawataki tu. Hao waachwe, mtu ana haki ya kufa bila ya kujua akili mnemba. Sera haitungwi kwa kuwaangalia wao.

Na kijana wa sayansi ya data naye asidhani haya yanawahusu wazee wa leo peke yao. Aliyekuwa na miaka 20 hivi sasa atakuwa amefika 40 katikati ya miaka ya 2040, ana familia, ana cheo, na vifaa alivyofundishwa vimeshasahaulika kama kaseti. Mwani ulichukua miaka zaidi ya 10 kumgeukia mkulima. Programu za kompyuta hazina subira hiyo. Yeye atakuwa na cheti, na cheti hicho ndicho kitakachomwonesha haya zaidi kuuliza. Tukiendelea kuiona elimu kama kitu cha kumalizwa ujanani, tutakuwa tunamtengenezea na yeye baraza lake.

Kinachofuata kutokana na haya ni mambo madogo madogo ya mpango, na huenda ndiyo maana hayapewi hotuba. Kalenda, kwa mfano. Mkulima wa mwani hufanya kazi wakati wa bamvua, na bamvua inajulikana tarehe zake mwaka mzima mapema. Semina ya siku tano ikiangukia bamvua, mama amepoteza mavuno. Ikiwekwa wakati wa maji mafu, yasipokupwa sana, hakupoteza kitu. Ni suala la aliyepanga kuangalia mwezi kabla ya kuangalia ukumbi. Bara walikuwa na hisia hii zamani: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wanaokadiriwa kuwa milioni 2 kwa vikundi vya kusikiliza redio vilivyokaa vijijini kwao wenyewe, na mtihani wake ulikuwa kuchimba choo. Vituo vyetu vya mafunzo ya amali, Mkokotoni, Mwanakwerekwe, Vitongoji, vinafanya kazi ya maana kwa vijana. Mwenye miaka 45 angehitaji saa za jioni, kundi la rika lake, na mwalimu aliyeambiwa mapema kuwa wanafunzi wake ni watu wazima.

Posho nayo inahitaji kusemwa bila unafiki. Wafadhili na maofisa hulalamika kuwa watu huja kwenye mafunzo kwa ajili ya posho. Ofisa anayelalamika yupo pale kwa mshahara, na mara nyingi kwa posho kubwa kuliko wote ukumbini. Kwa muuza samaki wa Darajani, ile posho ni samaki ambao hakuwauza asubuhi ile. Ikiwa tunaamini kujifunza kwake kuna faida kwa nchi, basi nchi imlipie siku yake. Kama haiwezi, isimwite mvivu anapokwenda sokoni.

Kisha kuna ujuzi ambao mtu ameshaupata na haujaandikwa popote. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi huko Bara, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunza mtaani anapimwa kwa kazi yake, panapopungua anaongezewa, na anapewa cheti. Huku kwetu utaratibu wa namna hiyo ungestahili kuanzia pwani, kwa watembeza wageni, wapishi, wazamiaji na kina mama wa sabuni, na upimaji ufanyike kazini kwao, si kwenye chumba chenye viti vya watoto na karatasi ya maswali ya Kiingereza. Yule wa Nungwi anaweza kupimwa asubuhi moja tu. Mpimaji apande naye boti hadi Mnemba na kurudi, asikilize wageni wanavyoulizwa na wanavyojibiwa, aandike alama zake. Gharama kubwa itakuwa nauli ya gari ya 116 ya Nungwi, na kwa mara ya kwanza anayeilipa asiwe mwanafunzi.